Mvumo Masikioni mwa Mpwa Wangu

Shule niliiacha darasa la tatu, na katika yote niliyofundishwa mle ndani kilichobaki kichwani ni milio ya wanyama. Mwalimu wetu, mwanamume mfupi aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikawa ngumu kama bati, alilipenda sana somo hilo. Basi anauliza, mbwa? Tunaitikia, hubweka! Jogoo? Huwika! Simba? Hunguruma! Darasa zima linapayuka, na wale wa darasa la pili ng'ambo ya ukuta wa mabanzi wanatuzomea.

Siku moja akanielekezea kidole mimi. "Nyuki?"

Nikasimama. Siku chache nyuma nyuki walikuwa wamemkimbiza baba yangu kutoka shamba la mkonge mpaka mferejini, akazama na kofia yake. Nikasema, "Nyuki hukimbiza watu, mwalimu."

Walicheka mpaka dawati moja likaanguka. Mwalimu aligeukia ubao, na kwa nyuma tuliona mabega yake yakitikisika. Alipotugeukia tena uso ulikuwa wa kazi. "Nyuki huvuma," akasema. "Rudia." Nikarudia. "Upepo?" Huvuma. "Ngoma ikiwa mbali?" Huvuma. Kisha akatuambia tufumbe macho tunyamaze. Kule ng'ambo kiwanda cha mkonge kilikuwa kazini, ile mashine kubwa ya kusindika majani tuliyoiita korona. Ukisimama karibu nayo husikii hata jina lako likiitwa. Lakini pale darasani, mashamba yakiwa katikati, ilitujia laini, kama pumzi ya mtu aliyelala ameshiba. "Hicho mnachokisikia," mwalimu akasema, naye amepunguza sauti, "ni mvumo."

Mwaka ule ule baba alishikwa na kifua, nikatolewa shule nikakate mkonge. Juu ya mkonge sitasema mengi. Ncha yake ikikuingia mkononi haiulizi umesoma hadi wapi. Ila neno lile niliondoka nalo, na nimelitumia maisha yangu yote kama mtu anavyotumia panga la urithi, kwa kila kazi.

Nimekuja kuona kwamba watu hulitumia ovyo. Vijana wa siku hizi wimbo ukipendwa wanasema umevuma, mtu akijulikana kwenye simu basi kavuma. Sawa, sigombani nao, wana mambo yao. Lakini mvumo ninaoujua mimi ni kitu laini. Ni maji ya mto ukiyasikia kabla hujauona mto wenyewe. Ni sufuria ya maharage ambayo haijachemka, pale mpishi anapojua bado ana muda wa kwenda kisimani na kurudi. Ni watu msibani wakati maiti bado iko ndani. Wanaume wamekaa nje kwenye mabenchi wanazungumzia mahindi na ng'ombe walioingia shambani kwa mtu, lakini wewe unayekuja bado uko njiani, husikii mahindi wala ng'ombe, unasikia mvumo tu, na miguu inakuwa mizito kabla hujaufikia ua.

Kunguruma ni kitu kingine. Kunguruma kuna nguvu, kunaweza kukufanya kitu: radi, simba, lori likipanda mlima. Kunong'ona nako ni kitu kingine, na hapa ndipo pa kutazama vizuri. Anayenong'ona ni mtu. Ana mdomo, ana sikio analolikusudia, na ana jambo ambalo hataki wewe ulisikie. Anayenung'unika naye ana mdomo, tena una kinyongo. Mvumo hauna mdomo. Haumsemi mtu. Ungekuwepo hata kama wewe usingezaliwa. Kwa miaka mingi tofauti hii niliiona ni burudani ya mzee asiye na kazi, ya kubishania kwenye kahawa na wazee wenzake ambao nao hawana kazi. Sikujua kwamba ningekuja kuing'ang'ania kwa mikono miwili kama mtu anayeburutwa na maji ang'ang'aniavyo mzizi.

Nimeanza mbali sana. Ngoja nifike kwa mpwa wangu.

Kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa. Mtoto akiiba, akioa, akiumwa, watu wanageuza shingo kutazama mjomba yuko wapi. Dada yangu mdogo alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo. Siku anakata roho kijana ndiyo kwanza anaota ndevu. Dada aliniita karibu, hakuwa na nguvu ya maneno mengi. Alisema, "Huyu usimwachilie," basi. Dada yetu mkubwa alikuwa ameketi miguuni pake, akasikia. Kwa hiyo hata ningetaka kusahau, shahidi yupo, na ni shahidi mwenye mdomo.

Mpwa wangu alikua vizuri. Akawa mwendesha mashine ya kusaga pale Rudewa, na ukimtafuta mchana unamkuta na nyusi nyeupe kama mzee. Mashine yenyewe ilikuwa ya dizeli, ya zamani, imefungwa ndani ya kibanda cha bati, na yeye amesimama nayo humo humo tangu asubuhi hadi foleni ya akina mama iishe. Tulizoea kuzungumza naye kwa kupiga kelele hata tukiwa mezani. Akaoa binti wa Kisukuma, wa zile familia zilizokuja na ng'ombe na majembe yao kutoka Kanda ya Ziwa. Wakapata watoto. Kaka wa huyo binti, yaani shemeji yake, ni mtani wetu kabisa, na utani aliutumia kama mtu mwenye leseni. Akiingia kwenye kikao cha msiba wa kwetu anauliza, "Huyu mmemuua wenyewe au mmesaidiwa?" na hakuna wa kumkasirikia, ndiyo desturi.

Jumapili moja nilikuwa nimewatembelea. Mashine imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Tunakula ugali na mlenda, shemeji yake naye yupo, na mpwa wangu akaacha tonge hewani.

"Nani kawasha mashine?"

Mkewe akasema, "Mashine gani, baba watoto? Leo Jumapili."

Akainuka akaenda. Nilimwona kwa mbali ameshika kufuli, halafu ameweka sikio kwenye mlango wa bati. Alirudi akakaa, akalitazama tonge lake. "Imezimwa," akasema. "Lakini naisikia."

"Mtani," shemeji yake akasema, "umekula pumba nyingi mno, zimeanza kuota kichwani." Tukacheka, naye akacheka, akala.

Haikuzimika. Jumatatu ilikuwepo, na Jumanne. Tulianza na mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kama kila mtu. Tukaja kwenye maji ya kitunguu. Mzee mmoja mfugaji wa Kimasai aliyekuwa analeta mahindi kusaga akatupa mafuta ya kondoo na maelezo mengi. Zahanati walimpigia bomba la maji sikioni, ikatoka nta iliyochanganyika na unga, wote pale tukashangilia kama tumepata mtoto wa kiume. Kesho yake asubuhi akanitazama akatikisa kichwa.

Nikampeleka Kilosa mjini, hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, akampulizia kitu, akamwangalia kwa taa, akamwuliza, "Unasikia sauti ya namna gani? Filimbi? Kengele?"

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, niseme nini?"

"Ni mvumo, daktari," nikasema. "Laini. Kama mashine iliyo mbali."

"Basi ni hivyo," akasema yule binti. "Masikio yamechoshwa na mashine, sasa yanajitengenezea sauti yenyewe. Hakuna mtu anayeiwasha, kwa hiyo hakuna wa kwenda kuizima."

"Na dawa?"

"Ya kuuondoa kabisa sina, nisiwadanganye. Wengi huuzoea. Aache kazi ya mashine. Na asikae mahali pa kimya, awe na redio."

Ndani ya gari la kurudi alikaa dirishani, kichwa amekiegemeza kwenye kioo ili mtetemo wa injini umpunguzie mvumo. Tumefika nusu ya njia ndipo akasema, "Kwa hiyo nitazikwa nao."

"Kasema watu wanazoea."

"Wewe ungezoea, Mjomba?"

Nilimnunulia mahindi ya kuchoma, akayashika mpaka yakapoa.

Aliacha mashine, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Aliyekuwa anasimama na kelele siku nzima akabaki nyumbani na kuku. Kimya kilipokuwa kikubwa, mvumo nao ukakua. Redio ikaisha betri kila mara. Usingizi ukamkimbia, mwili ukakonda, suruali akawa anaifunga kwa kamba. Nilikuwa nikimkuta amekaa nyuma ya nyumba anajipiga kichwa kwa kiganja, upande huu, halafu upande huu, taratibu, kama mtu anayekung'uta kibuyu kutoa mbegu. Watoto walijifunza kupita mbali.

Nilihangaika, sioni haya kusema. Tulikwenda Malolo kwa mganga aliyesema kuna mdudu ndani, akamfukizia majani mpaka macho yakavimba. Tulikwenda Ruhembe, katikati ya mashamba ya miwa, kwa mchungaji mmoja aliyemwekea viganja masikioni akakemea mpaka jasho likamtoka, na mpwa wangu akamshukuru, tukiwa njiani akaniambia alipokemea ilikuwa nafuu kwa sababu ya kelele. Nilikuwa kama mtu aliyepoteza mbuzi. Kila niliyekutana naye nilimweleza: muuza kahawa, kondakta, mama lishe, askari wa geti. Nina mpwa wangu ana mvumo masikioni, hujasikia dawa? Wengine waliniambia dawa. Wengi waliniambia pole.

Na shemeji yake, kwa ule ule mdomo wa utani, akamwambia siku moja mbele ya watu, "Mtani, sikio likivuma mtu unasemwa. Wewe yamevuma yote mawili. Mji mzima una mkutano!"

Hilo huku kwetu kila mtu analijua. Ukiwashwa sikio, ukisikia kitu sikioni, mtu anakuambia unasemwa, unatabasamu, unataja jina la mtu unayemdhania, limekwisha. Watu walicheka. Mpwa wangu hakucheka. Alimtazama shemeji yake, akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Nani?"

"Nani nini?"

"Nani ananisema?"

"Aaa, mtani, nawe!" Shemeji yake akampiga bega, akaondoka.

Baada ya hapo niliona heri nimchukue. Mimi naishi Mikumi, nina chumba na sebule si mbali na barabara kuu, yale malori ya Zambia na Kongo yanapita mchana kutwa, sahani zinatetemeka kabatini. Watu huniuliza naishije pale. Nikawaza, yule daktari alisema asikae kimya. Basi nikampeleka palipo na kelele.

Ikasaidia! Jamani, ikasaidia. Alipata kazi kwa mtu anayeziba pancha za malori, anashinda na kompresa na nyundo na vijana wanaotaniana kwa matusi. Akaanza kula. Akaanza kunisimulia vituko vya madereva, jinsi mmoja alivyoshuka kujisaidia pembeni mwa mbuga akamkuta tembo naye ana haja yake. Nilimpigia simu mkewe nikamwambia avumilie, mumewe anarudi. Nilimpigia dada mkubwa nikamwambia mtoto wa marehemu anapona. Nilitembea mjini kifua mbele, na wale niliowalilia dawa nikawaambia mmoja mmoja kwamba afadhali sasa. Naona kipindi kile nilikuwa na furaha ambayo mzee hatakiwi kuwa nayo.

Kisha jioni moja, jua bado lipo, tunakunywa chai mlangoni, akasema bila kunitazama, "Mjomba, ule mnong'ono leo umekuwa mwingi."

Nikaweka kikombe chini. "Mvumo," nikasema.

"Mnong'ono."

"Mwanangu, sikiliza. Kunong'ona ni kwa watu. Kwako wewe ni mvumo. Ulikuwa mvumo tangu Rudewa, tangu ile Jumapili. Daktari mwenyewe alikubali."

"Ulikuwa mvumo," akasema, "kwa sababu nilikuwa siusikilizi vizuri. Ukikaa nao unaanza kutengana. Kuna sauti ya mwanamke. Kuna nyingine ya mtu anayecheka."

"Wanasema nini?"

"Hawataki nisikie wanasema nini. Ndiyo maana wananong'ona."

Alisema hivyo kwa utulivu, na chai akanywa. Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapa juu, sufuria, mto, msiba, kwamba mvumo hauna mdomo, haumkusudii mtu, ni sauti tu, haijui hata kama upo. Nilisema mpaka nikakaukiwa. Lori likapita, nikanyamaza, likaisha kupita, nikaanza upya. Alinisikiliza kwa adabu. Mwisho akasema, "Mjomba, wewe una maneno mazuri," akainuka akaenda kuoga.

Kuanzia hapo nikawa nalipigania neno moja. Akisema mnong'ono nasema mvumo. Kazini kwake waliponieleza kwamba amegombana na kijana mmoja, anamwuliza unanisema nini, nilikwenda nikawaomba wale vijana, nikawaambia jamani, mkimkuta, msizungumze kwa sauti ya chini mbele yake. Pigeni kelele. Wakanielewa, wakaanza kupayuka kila kitu, hata kuombana kibiriti, na yeye akaona wamebadilika ghafla akajua kuna aliyewaambia. Akaacha kwenda kazini.

Dada mkubwa akanipigia. Huyu ni mwanamke wa kutoomba mara mbili. "Mlete Rudewa," akasema. "Tutakaa kikao cha maji."

Nieleze. Kwetu mtu akisumbuliwa na kitu kisichoeleweka, ikadhaniwa kuna kinyongo cha ndugu au jirani kimemkalia, watu wake hukutanishwa. Linawekwa bakuli la maji katikati. Kila mmoja anachota kidogo kwa kata, kabla hajatia maji mdomoni anatamka kila alichomsema huyo mtu au alichomwekea moyoni, hata kiwe kidogo vipi. Kisha anatia maji mdomoni, anayatema chini, kimekwisha, hakidaiwi tena. Wa mwisho ni mgonjwa mwenyewe. Yeye hatamki kitu. Anatia maji, anatema, ndiyo kusamehe wote. Nimeona watu wakiinuka pale wazima. Nimeona ndugu waliokuwa hawasalimiani wakichangia tumbaku.

Nilimwambia, "Dada, huyu si wa kikao cha maji. Huyu anaumwa masikio."

"Anaumwa watu," dada akasema. "Si kasema mwenyewe kuna watu? Basi tuwatoe hao watu."

Mkewe naye alilia kwenye simu akiomba iwe hivyo. Na mimi hata la kuweka badala yake sikuwa nalo. Kilichobaki kwangu kilikuwa neno, na neno lilikuwa limeshindwa. Tukaenda.

Tulikaa uani kwa mpwa wangu baada ya chakula cha mchana, kwenye mikeka. Alikuwepo dada mkubwa, mkewe, shemeji yake, mwenye mashine ya kusaga, na mimi. Mpwa wangu alitoka ndani akawaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, marahaba, kwa heshima yote. Alikuwa amenyoa. Nilipomwona amenyoa nikapata matumaini.

Dada mkubwa akafungua. Akachota maji akasema, "Mimi nilisema mama yako alikudekeza. Nilisema ungekuwa wangu ungekuwa mwanaume." Akatia maji, akatema. Akampa kata mwenye mashine.

"Mimi," mwenye mashine akasema, "nilisema ulikuwa unanipunguzia dizeli. Sikuwa na uhakika, lakini nilisema. Nilisema kwa watu kama wawili." Akatema.

Mkewe alikuwa na kitenge amejifunika mpaka kidevuni. "Nilimwambia kaka kwamba umekuwa mzigo. Nilisema afadhali ungekuwa na malaria." Akakivuta kitenge mdomoni. "Nilisema kwa sauti ndogo ili usisikie, baba watoto. Nilikuwa jikoni." Akatema, akainama.

Ikafika kwa shemeji. Yeye akaichangamsha. "Mimi, mtani, nikianza kuyatoa yangu maji haya hayatatosha, leteni pipa! Nilisema umekula pumba. Nilisema wale ng'ombe mliotoa mahari wana akili kuliko wewe. Nilisema kule Mikumi umekwenda kuoa tembo." Watu wakacheka, hata dada mkubwa. Hewa ikawa nyepesi. Shemeji akatema kwa mbali kama mvulana anayeshindana, akanipa kata.

Nilitazama usoni kwa mpwa wangu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyekuwa anapiga hesabu kwa muda mrefu na sasa analetewa majibu. Kila aliyesema alikuwa anamwitikia kwa kichwa, polepole, ndiyo, ndiyo, na huyo pia. Hapo ndipo nilipoona tunafanya nini. Tulikuwa tumempa midomo. Huyu mwanamke, huyu anayecheka. Tulikuwa tumewaketisha mbele yake kwenye mkeka.

"Simamisheni," nikasema.

"Huwezi kusimamisha katikati," dada mkubwa akasema. "Kata iko mkononi mwako. Sema."

"Mpwa wangu," nikasema, "haya ni maneno ya watu tu. Kila mtu husemwa. Mimi nasemwa, huyu dada anasemwa hadi kanisani. Hayana uhusiano na masikio yako. Ule ni mvumo, mwanangu. Nakuomba."

"Mjomba, wewe ulinisema?" akauliza.

Ningesema hapana. Lakini maji yakishachotwa hayadanganywi, na yeye alikuwa anajua. "Nimekusema," nikasema. "Nimekusema kwa kila mtu. Kwa makondakta, kwa wauza kahawa. Nilikuwa natafuta dawa."

"Kwa sauti ndogo?"

"Wakati mwingine. Ili nisikuaibishe."

Akaitikia kwa kichwa. "Hata wewe," akasema, si kwa ubaya. Nikatia maji mdomoni nikayatema. Yalikuwa ya uvuguvugu.

Kata ikafika kwake. Dada mkubwa akamwambia, "Haya, baba, tema tupumzike." Mkewe akainua uso. Mpwa wangu akachota maji, akajaza mdomo, mashavu yakatuna. Tukasubiri. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kwa zamu ile ile tuliyosema, kisha koo likapanda likashuka. Aliyameza.

Sijawahi kuona wala kusikia mtu akiyameza.

"Asanteni," akasema. "Nilikuwa nadhani ni wazimu."

Akaliweka bakuli chini vizuri lisimwagike. Akavaa kandambili zake, akapangusa magoti. Mkewe akamwuliza, "Unakwenda wapi, baba watoto? Kuna chai." Akamwambia, "Haya," kama mtu aliyesikia. Shemeji yake akamtania kwa nyuma kwamba choo kiko upande ule mwingine, lakini utani wenyewe ulitoka mkavu. Mimi niliinuka nikamfuata mpaka mwisho wa ua, nikamwita kwa jina alilopewa na mama yake, jina la utotoni, halafu nikaita tena. Hakugeuka wala hakuongeza mwendo. Alishika njia inayopita kati ya mahindi na boma la ng'ombe, akitembea katikati ya njia, mikono imelegea, akamwamkia mama mmoja mwenye kuni, yule mama akaitikia marahaba akapita. Mkewe alimfunikia chai kwa kisahani. Alifika penye kona, akakata kona, na hadi leo hajarudi.